Mofini kwa Mtoto Njiti Aliye Mahututi

Mtoto njiti aliyezaliwa katika wiki ya 26 ya ujauzito na kulazwa mahututi huanza maisha kwa kuchomwa. Kisigino hutobolewa ili yapatikane matone ya damu ya kupimia sukari na gesi, mrija hupitishwa kooni hadi kwenye njia ya hewa, makohozi hunyonywa, na plasta hubanduliwa kwenye ngozi laini inayochubuka pamoja nayo. Utafiti uliofanywa katika wodi za Paris na vitongoji vyake na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto wachanga 430 katika siku 14 za mwanzo za kulazwa. Kwa kawaida mtoto alipitia mambo 10 yenye kuumiza kila siku, na karibu manne katika kila matano yalifanyika bila dawa wala njia nyingine yoyote mahsusi ya kutuliza maumivu.

Maumivu hayo si ya namna moja. Yapo ya ghafla, kama ya sindano, yanayopita baada ya dakika chache. Yapo yanayodumu saa na siku, kama ya kidonda cha upasuaji au ya utumbo uliovimba na kuanza kufa. Kisha ipo karaha ya kulala na mrija kooni huku mashine ikisukuma hewa, ambayo kwa mtoto mmoja ni mateso na mwingine huivumilia kwa utulivu. Dawa za jamii ya afyuni, yaani mofini, fentanili na nyinginezo ziitwazo opioidi, zina faida iliyothibitika vizuri katika kundi la pili. Katika makundi mengine mawili, mara nyingi faida hiyo ni ndogo, haipo kabisa, au inamgharimu mtoto zaidi ya anachopata. Usalama wa dawa hizi kwa njiti unaanzia kwenye tofauti hiyo, kabla hata ya kufika kwenye hesabu ya dozi.

Kwa muda mrefu tiba ilishikilia kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu, au kwamba akiyasikia hayamwachii alama. Madai hayo yalisimama juu ya hoja kuwa neva zake hazijapata ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe. Hoja ilikuwa dhaifu, kwa sababu hata kwa mtu mzima sehemu kubwa ya ujumbe wa maumivu husafiri kwenye neva zisizo na ala hiyo. Mwaka 2006 watafiti wa London waliweka vipima-mwanga kichwani mwa watoto wachanga wakati kisigino kinatobolewa, wakaona gamba la ubongo likiitikia hata kwa watoto waliokuwa na umri wa wiki 25 tangu mimba. Kinachochelewa kukomaa ni ile mikondo ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye uti wa mgongo kupunguza makali ya maumivu. Njiti basi ana njia ya kupokea maumivu lakini hana breki ya kuyazuia, na ngozi iliyochomwa mara kwa mara huwa nyepesi zaidi kuitikia, kiasi kwamba hata kubadilishwa nepi kunaweza kumshtua. Nchini Kanada watafiti wameonyesha pia kwamba njiti waliochomwa mara nyingi zaidi, hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa wao, huwa na ukuaji hafifu zaidi wa sehemu fulani za ubongo.

Mabadiliko yalikuja kwa uchungu. Mwaka 1985, mjini Washington, njiti mmoja alifungwa mfereji wa damu ulio karibu na moyo, ule unaopaswa kujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa. Alipasuliwa akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli peke yake: hakuweza kusogea wala kulia, lakini hakuwa na kinga dhidi ya maumivu. Alifariki wiki chache baadaye. Mama yake alipogundua yaliyofanyika alisema hadharani, na sauti yake ikazifikia hospitali nyingi ambazo zilikuwa zikifanya vivyo hivyo. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha jaribio juu ya njiti waliofanyiwa upasuaji huohuo. Wote walipewa gesi ya usingizi hafifu na dawa ya kulegeza misuli, na nusu yao wakaongezewa fentanili. Wale wasioipata walipandwa na homoni za mfadhaiko kwa kiwango kikubwa na wakapata matatizo zaidi baada ya upasuaji. Tangu hapo hakuna hoja ya kitabibu ya kumpasua mtoto wa umri wowote bila dawa ya maumivu.

Kosa la kunyima liliposahihishwa, wodi nyingi zilikwenda upande wa pili. Kufikia miaka ya 1990 katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani dripu ya mofini ilifuata mashine ya kupumulia, mtoto awe anaonyesha maumivu au asionyeshe. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba mwili wa njiti unaimudu dawa hiyo kwa siku nyingi mfululizo.

Mofini husafishwa na ini, ambalo huibandika sukari maalumu ili figo ziweze kuitoa kwa mkojo. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo bado ni kidogo kwa njiti, na figo zake nazo zinachuja polepole. Kwa mtu mzima nusu ya mofini huondoka katika damu kwa takriban saa 2. Kwa mtoto aliyetimiza miezi huchukua zaidi ya saa 6, na kwa njiti hufika karibu saa 9. Maana yake kwa muuguzi ni ya moja kwa moja: dripu iliyowashwa asubuhi haijafikia nguvu yake kamili hadi kesho yake, kwa kuwa kiwango hutulia baada ya nusu-maisha nne au tano, na dripu iliyopunguzwa jioni bado itakuwa na nguvu karibu ileile usiku wa manane. Ni sawa na maji yanayoingia kwenye ndoo yenye tundu dogo chini. Anayetazama bomba tu bila kutazama ndoo atashangaa inapofurika. Zaidi ya hapo, uwezo wa ini hubadilika haraka siku baada ya siku, hasa katika siku 10 za mwanzo, hivyo dozi iliyokuwa kubwa mno Jumatatu inaweza kuwa ya kawaida wiki mbili baadaye kwa mtoto yuleyule.

Fentanili ina tabia nyingine. Ina nguvu mara 80 hadi 100 ya mofini kwa uzito uleule, huanza kazi ndani ya dakika chache, na huelekea kuuacha mzunguko wa damu ukiwa tulivu zaidi. Ndiyo maana hupendelewa katika upasuaji na kwa mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijatengemaa. Hatari yake mahsusi ni kwamba ikisukumwa kwa kasi, misuli ya kifua hukakamaa na hewa haiingii hata kwa mashine. Kwa hiyo hupitishwa polepole, kwa dakika kadhaa, na dawa ya kulegeza misuli ikiwa tayari pembeni. Mwili huizoea upesi kuliko mofini, na ikitiririshwa kwa siku nyingi hujificha katika mafuta ya mwili na kuchelewa kutoka.

Majaribio makubwa mawili ndiyo yaliyobadilisha desturi ya dripu kwa kila mtoto aliye kwenye mashine. La Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2003, lilikuwa na watoto 150. Nusu walipata mofini na nusu dripu isiyo na dawa, na vipimo vya maumivu vya makundi hayo mawili havikutofautiana. La pili, liitwalo NEOPAIN, lilichapishwa mwaka 2004 likiwa na njiti 898 wa wiki 23 hadi 32 kutoka hospitali 16. Mofini haikupunguza vifo, wala kuvuja damu kukubwa ndani ya ubongo, wala kufa kwa tishu nyeupe za ubongo. Waliopewa mofini walishuka shinikizo la damu zaidi, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wadogo kabisa waliokuwa tayari na shinikizo la chini hawakupaswa kuanzishiwa dawa hiyo. Waliopewa mofini walikaa pia muda mrefu zaidi kwenye mashine na kuchelewa kufikia maziwa kamili. Waliopewa dozi za ziada nje ya dripu walivuja damu zaidi ubongoni, ingawa hapa mtu asikimbilie hukumu, kwa kuwa wanaoongezewa dozi kwa kawaida ndio waliozidiwa. Sehemu ya watoto hao walipimwa wakati kisigino kinatobolewa, ikaonekana dripu haikupunguza maumivu ya kitendo hicho. Fentanili ya mfululizo ilipojaribiwa Italia kwa njiti 131, matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha nafuu kiasi ya maumivu, lakini mashine ilitumika muda mrefu zaidi na choo cha kwanza kikachelewa.

Kuhusu akili na makuzi ya baadaye, ushahidi haujaegemea upande mmoja. Watoto wa jaribio la Uholanzi walipofika miaka 5 waliokuwa wamepata mofini walikuwa chini kidogo katika sehemu moja ya kipimo cha akili, na walipofika miaka 8 au 9 tofauti hiyo haikuonekana tena. Katika kundi dogo la NEOPAIN lililofuatiliwa Marekani kulikuwa na dalili za kichwa kidogo zaidi na kumbukumbu fupi hafifu. Matokeo haya hayatoshi kumnyima dawa mtoto anayeumia. Yanatosha kabisa kumzuia daktari asimpe mtoto asiyeumia.

Uamuzi wa kuanza au kutoanza unategemea basi kupima maumivu, na hapo ndipo wodi nyingi hukosea, zenye mashine na zisizo nazo. Mtoto mwenye mrija kooni halii kwa sauti. Njiti aliyechoka hunyamaza na kulegea, na ukimya huo husomwa kama amani. Kipimo kilichoandaliwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1996, kiitwacho PIPP, humtaka muuguzi atazame mambo saba: umri wa mimba, hali ya usingizi au kuwa macho, mapigo ya moyo, oksijeni ya damu, paji la uso linavyotuna kati ya nyusi, macho yanavyofumbwa kwa nguvu, na mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo. Umri huhesabiwa kwa sababu kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo uso wake unavyoshindwa kuonyesha, na asipoongezewa alama za umri ataonekana ana nafuu kuliko aliyekomaa. Kwa maumivu ya muda mrefu hutumika vipimo vingine vinavyotazama pia ukaaji wa mikono na miguu na utulivu wa usingizi, na baadhi huhesabu usingizi uliopitiliza, jambo la lazima kwa mtoto aliye kwenye opioidi. Kipimo kina thamani pale tu alama zinapoandikwa kila baada ya saa chache na mtu akazifanyia kazi. Kwa mtoto aliyelegezwa misuli hakuna kipimo cha uso kinachofaa, naye hupewa dawa ya maumivu kwa kudhani kwamba anaumia.

Kwa mwongozo huo, opioidi ina nafasi isiyo na shaka baada ya upasuaji, katika kuoza kwa utumbo, katika kupitisha mrija wa kifuani, na kabla ya kupitisha mrija wa kooni pale ambapo si dharura ya sekunde. Kwa mtoto aliye kwenye mashine hutolewa pale alama zinapobaki juu baada ya mlalo, nepi, mrija na hewa ya mashine kukaguliwa na kurekebishwa. Kwa kisigino na sindano ya mshipa hutumika maji ya sukari ya asilimia 24, matone machache ulimini dakika 2 kabla, pamoja na kumkunja mtoto mikono na miguu kuelekea tumboni, au kifua cha mama na titi. Jaribio la Oxford lililochapishwa mwaka 2018 lilijaribu kwenda mbele zaidi: njiti wasio kwenye mashine walipewa mofini ya mdomoni, mikrogramu 100 kwa kilo, kabla ya kuchunguzwa macho na kutobolewa kisigino. Lilisimamishwa baada ya watoto 31 tu. Waliopewa mofini walipata vipindi vya kuacha kupumua, na maumivu yao hayakupungua. Kwa mtoto anayepumua mwenyewe, hilo ni onyo la kuzingatiwa kila siku.

Parasetamoli ya mshipani imepunguza hitaji la mofini. Jaribio la Rotterdam la mwaka 2013 juu ya watoto 71 wa chini ya mwaka mmoja waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua au tumbo lilionyesha kwamba walioipata walitumia mofini pungufu kwa asilimia 66. Watoto hao hawakuwa njiti wadogo kabisa, kwa hiyo matokeo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja, ila yameelekeza wodi nyingi kuanza na parasetamoli na kuiongezea mofini juu yake.

Hesabu ya dozi ndiyo sehemu inayohitaji utulivu kuliko zote. Miongozo mingi huanza mofini kwa mikrogramu 50 hadi 100 kwa kilo zikitolewa taratibu kwa saa moja, kisha 5 hadi 20 kwa kilo kwa saa, na njiti huwekwa upande wa chini. Achukuliwe mtoto wa gramu 900 anayestahili mikrogramu 50 kwa kilo: anahitaji mikrogramu 45. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 katika mililita 1, hivyo dozi yake ni mililita 0.0045. Bomba dogo la sindano, la mililita 1, lina mistari ya mililita 0.01. Dozi ya mtoto huyu haifiki hata nusu ya mstari mmoja. Lazima ampuli izimuliwe mara mbili: mililita 1 ya dawa ifikishwe mililita 10, kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo ifikishwe 10 tena. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100, na dozi ni mililita 0.45, kiasi ambacho jicho linaweza kukisoma. Aliyesahau hatua ya pili akavuta mililita zilezile 0.45 atakuwa amempa mtoto mikrogramu 450, mara kumi ya dozi, na bomba litaonekana sawa kabisa. Hatari nyingine hukaa kwenye shingo ya sindano, ambamo hubaki mililita 0.05 au zaidi ya dawa. Anayevuta dawa kidogo kisha akavuta maji kwa bomba lilelile huivuta na ile iliyobaki, na kwa ujazo mdogo hivi dozi inaweza kuongezeka maradufu. Ndiyo maana uzimuaji hufanyika katika chombo kingine, wauguzi wawili hukokotoa kila mmoja peke yake bila kuoneshana jibu, neno mikrogramu huandikwa kwa ukamilifu, na wodi nzima hutumia mchanganyiko wa aina moja. Ampuli yenyewe iwe isiyo na dawa ya kuzuia kuoza. Mwaka 1982 iliripotiwa Marekani kwamba njiti walikufa kwa sumu ya alkoholi ya benzili, moja ya dawa hizo, iliyowekwa kwenye maji ya kusafishia mirija.

Baada ya dozi, mtoto huangaliwa kupumua, mapigo, oksijeni, shinikizo la damu, mkojo na tumbo. Mofini hulegeza kibofu na utumbo, na tumbo lililojaa linaweza kufanana na mwanzo wa kuoza kwa utumbo. Naloksoni, dawa inayoiondoa opioidi kwenye vipokezi vyake, iwe karibu na kitanda, pamoja na ambu na barakoa ya ukubwa wa njiti, kwa kuwa kumpumulisha mtoto ndiyo hatua ya kwanza. Hutolewa kwa vipimo vidogo vidogo hadi apumue vizuri, si kwa mkupuo wa kufuta nafuu yote. Nguvu yake huisha kabla ya mofini kuisha, na mtoto aliyezinduka anaweza kuzama tena. Kwa mtoto wa mama aliyezoea heroini au methadoni, naloksoni huweza kuleta degedege.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki njiti hutibiwa kwa kifaa cha kusukuma hewa puani bila mashine kamili ya kupumulia, na muuguzi mmoja huangalia watoto wengi. Hapo dripu ya mofini kwa mtoto anayepumua mwenyewe ni hatari isiyokubalika, isipokuwa baada ya upasuaji na mahali ambapo kuna mtu wa kukaa naye. Nguvu ya wodi hizo iko kwenye kangaruu, yaani kumlaza mtoto kifuani kwa mama. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021 kutoka Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kumweka mtoto kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atengemae, kulipunguza vifo kwa robo. Kifua hichohicho hupunguza maumivu ya sindano. Ipo pia hali ambayo mofini haipaswi kukosekana kwa sababu ya woga, nayo ni ya mtoto ambaye tiba haitamwokoa. Uganda imeruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, na mofini ya maji ya Hospice Africa Uganda, shirika lililoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, imefika vijijini. Kwa mtoto anayekaribia kufa dozi hufuata dalili za mateso, na wazazi huelezwa wazi kwamba lengo ni nafuu.

Mtoto aliyepata opioidi mfululizo kwa zaidi ya siku 5 haachishwi kwa ghafla. Dozi hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 20 kila siku, taratibu zaidi kwa waliokaa nayo wiki kadhaa, na punguzo jingine halifanyiki siku ambayo alama zimepanda. Dalili za kukosa dawa ni kilio kikali kisichobembelezeka, kutetemeka, kupiga chafya, jasho, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Kipimo cha dalili hizo kiitwacho Finnegan, cha mwaka 1975, kilitungwa kwa watoto waliotimiza miezi, na njiti huonyesha dalili chache zaidi, mara nyingine mapigo ya kasi na maziwa kukataliwa tu, ambayo huweza pia kuwa maambukizi. Kwa hiyo hukaguliwa damu kabla ya kurudishwa kwenye dozi ya awali, na kupimwa alama huendelea hadi siku 2 au 3 baada ya tone la mwisho.